Namba Alizozikwangua Babu Yako

Naikumbuka siku ile ya kuamkia Idd, mjukuu wangu Zuhura, na kila nikiikumbuka nacheka kwanza, kisha machozi yanafuata.

Babu yako alikuwa fundi redio hapa Mikindani, na mimi mkewe ndiye niliyemshikia taa akichomelea nyaya. Enzi hizo mafundi walikuwa na tabia moja: ukiunda amplifaya yako, unachukua msasa unakwangua namba zote kwenye transista, ili fundi mwenzio akiifungua asijue umeweka nini. Babu yako akazikwangua hata za amplifaya aliyouundia msikiti. Alijiona mjanja huyo!

Basi jioni ile takbira zimeanza, amplifaya ikanyamaza. Transista moja ilikuwa imeungua. Babu yako akaifungua, akaigeuza, akakuna kichwa. Mwenyewe alikuwa amesahau ni ya namba gani. Akaweka nyingine kwa kubahatisha, ikatoa moshi. Mwadhini, mzee wa watu, akasoma takbira kwa koo lake mpaka sauti ikamkauka. Babu yako alishindwa hata kunyanyua uso, nami nilimwonea huruma.

Mama mkwe wangu, Mmakonde wa Mtawanya asiyejua kupaka maneno asali, akamwambia, "Umewaficha wenzio wee, na wewe mwenyewe umefichwa. Mficha uchi hazai, baba."

Tangu hapo akawa anaandika kila namba kwa rangi ndani ya kifuniko, na mchoro pembeni. Wenzake waliiiga kazi yake, ndiyo. Lakini mmoja wao ndiye aliyekuja kumwonyesha sehemu iliyokuwa ikipata moto bure, wakaitengeneza pamoja.

Leo wewe umebuni chipu ya kuchora picha kwenye kompyuta, ambayo mtu anaweza kuipangia kazi upya apendavyo. Unaniuliza uiweke michoro yake wazi kwa dunia nzima, au uwasikilize rafiki zako wanaosema ifungie, utaibiwa. Mimi chipu siijui. Ninachojua ni kwamba babu yako amekwenda zake, na adhana ya adhuhuri umeisikia kwa amplifaya ileile, kwa sababu ikiharibika vijana huifungua wakasoma mwandiko wake. Mimi huisikia nikamkumbuka, nikatulia.

Iweke wazi, mwanangu, pamoja na makosa unayoyaonea haya. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mungu aibariki mikono yako, na siku itakapokuwa haipo tena, wengine wajue ilichokifanya. Amina.