Chuma cha Gia ya Marehemu

Jamani, leo mdomo yangu imeniaibisha mbele ya soko yote ya Kebirigo.

Mzee mmoja wa Sironga amekuja kwa banda yangu ya kutengeneza baisikeli na baisikeli mpya, ile ya gia tano. Mkononi ameshika chuma ya zamani, ile ya kusukuma cheni kutoka gia moja kwenda ingine. Anataka nitoe ile mpya, nimfungie hiyo.

Nikaiangalia. Hiyo ilitengenezewa gia tatu. Cheni ya siku hizi ni nyembamba, inacheza ndani yake kama mtu amevaa koti ya babake.

Na mnanijua. Nikapaza sauti: "Omogaka, mzee wangu, hii chuma imekufa! Rudi nayo nyumbani uizike!"

Watu wakacheka sana.

Mzee akasema polepole, "Mwenye hii chuma nilimzika Jumatatu. Ni kijana yangu, yule alirudi mzima kutoka vita ya Burma, miaka kumi sasa. Hii nimeitoa kwa baisikeli yake."

Obe! Spana iliniponyoka.

Nimehangaika kumfungia hiyo chuma mpaka saa kumi. Gia tatu za tambarare zinashika, zile mbili za mlima hapana.

Nikamwambia ukweli: "Baba, na hii hutapanda mlima wa Nyanchwa. Utashuka usukume."

"Hata yeye alikuwa anashuka."

Akapanda, akaenda, cheni ikilia kr-kr mpaka kona.

Ile chuma mpya ameniachia. Mimi huyu, mwenye huuza hata misumari imepinda, nimeiangika tu ukutani.

Nyinyi mngemwambia nini?