Utepe wa Chooni

Utepe ule mwekundu ulitoka kwangu, na kila nikiukumbuka nasikia kichefuchefu. Mimi ni fundi wa nguo. Cherehani yangu iko chini ya ngazi za ploti, jumba la vyumba vya kupanga tunakokaa hapa Kayole, na mwaka ule wa korona nilikuwa nashona barakoa tangu asubuhi hadi jioni, mpaka vidole vikawa vinajikunja vyenyewe. Shule zilikuwa zimefungwa miezi na miezi. Binti yangu alikuwa darasa la nane, na tulikuwa tumekaa ndani pamoja hadi yeye akanichoka na mimi nikamchoka. Ndipo ikatangazwa kwamba darasa la nane na wale wadogo wa gredi ya nne watarudi kwanza, na kila shule ijiandae kuwapokea salama.

Siku chache kabla ya kufunguliwa, mwalimu mkuu wa shule yao akaja mwenyewe hadi kwenye cherehani. Mtu nadhifu, tai shingoni, viatu vinang'aa hata kwenye matope yetu.

"Mama, habari ya kazi? Wewe ni mzazi wetu. Tulikuwa tunaomba utuchangie utepe, ule mwekundu wa kung'aa."

"Wa nini, mwalimu?"

"Tumejengewa vyoo vipya. Mheshimiwa anakuja kuvizindua."

Kusema kweli nilifurahi. Nikamkatia utepe mrefu kuliko alioomba, nikaukunja vizuri, nikamtilia kwenye karatasi. Nilifurahi kwa sababu vyoo vya zamani nilikuwa navijua. Nilikwenda huko siku moja ya mkutano wa wazazi, tumbo lilipokuwa limenibana, wakanielekeza nyuma ya madarasa. Ptu! Sakafu ilikuwa imelowa mpaka nje ya mlango, na hayakuwa maji. Mavi yalikuwa yamejaa pembeni mwa shimo, maana mtoto mdogo anaogopa kulikaribia shimo lenyewe, na juu yake walitua wale nzi wa kijani, wazito, ambao hata ukiwafukuza hawakuogopi. Kwenye matundu ya ukuta wasichana walikuwa wamesokomeza pedi zilizotumika kwa sababu hapakuwa na pa kuzitupa. Niligeuka nikarudi mkutanoni na tumbo langu vile vile. Viatu vya siku ile niliviosha kwa maji ya moto, na bado sikutaka kuviingiza nyumbani.

Binti yangu hakuwa akivitumia. Sisi tunakaa ng'ambo ya barabara tu. Kabla ya korona, kengele ya mapumziko ikilia alikuwa anakimbia nyumbani, anaenda choo, anagugumia maji, anarudi kabla mwalimu hajaingia darasani. Watoto wengi wa ploti za karibu walifanya hivyo na hakuna aliyewauliza.

Siku ya kufunguliwa nilimsindikiza hadi getini. Lo, geti lilikuwa limepakwa rangi mpya. Matangi ya kunawia mikono yalikuwa yamepangwa, sabuni zimefungwa kamba zisiibwe, miduara myeupe imechorwa chini ili kila mtoto asimame mbali na mwenzake. Mwalimu wa zamu alikuwa ameshika ile bunduki ya kupimia joto, anawalenga watoto kwenye paji la uso mmoja mmoja. Wakatuambia mtoto akishaingia hatoki tena hadi jioni, asije akatoka nje akaokota ugonjwa. Nilisema moyoni, leo wamejitahidi. Nikarudi kwenye cherehani yangu nikiwa na amani.

Basi siku zikaenda. Kitu cha kwanza nilichoona ni kikombe. Kila asubuhi nikitandua meza nakuta chai yake imebaki imejaa, imeota utando juu.

"Mbona hunywi chai?"

"Siskii, mum."

"Chai ya maziwa hii? Ni maringo au ni nini?"

"Nitakunywa nikirudi."

Na jioni alirudi mbio kama anafukuzwa. Alipita wateja wangu bila salamu, begi mgongoni, barakoa kidevuni, moja kwa moja hadi choo cha ploti. Choo chetu si cha kujivunia, tunakitumia nyumba nyingi, lakini tunakiosha kwa zamu na mwenye kukwepa zamu yake anasutwa mchana peupe. Mteja mmoja aliwahi kunitania, "Huyu msichana wako ameona jini?" Tukacheka. Akitoka chooni, alikuwa anasimama jikoni anakunywa maji kikombe juu ya kikombe, bila kupumua.

Asubuhi moja simu ikalia. Alikuwa mwalimu wa zamu.

"Mzazi, njoo umchukue msichana wako. Joto liko juu."

Niliacha barakoa chini ya sindano nikatoka mbio. Nilimkuta nje ya geti, wamemchorea mduara wake peke yake, kando ya pipa la taka. Mtoto anatetemeka kwenye jua. Mwalimu alikuwa amesimama mbali, na begi la binti yangu alilisukuma kwa mpini wa ufagio hadi likafika miguuni pangu. Mpini wa ufagio! Mtu aliyemfundisha hesabu tangu darasa la sita.

"Asirudi hadi wiki mbili ziishe," akasema.

"Wiki mbili? Na mtihani?"

"Ni usalama wa wengine, mzazi."

Habari zilifika ploti kabla yetu. Jirani yangu wa mlango wa pili, mtu tunayekopeshana chumvi, alianua nguo zake zikiwa bado zinachuruzika. Watu walioagiza barakoa hawakuja kuzichukua siku hiyo. Sikuwalaumu sana wakati ule, maana hata mimi nilikuwa naogopa. Usiku niliweka mkono mgongoni mwa binti yangu, unaungua, na nikawa nafikiria mambo ambayo mzazi hataki kuyafikiria.

Kesho yake nikampeleka zahanati. Muuguzi alikuwa mama mtu mzima, mkali kidogo, wa kutopenda maneno mengi. Alimpima korona, hakuwa nayo. Akamuuliza anaumwa wapi. Mgongo, akasema, huku chini. Na ukikojoa? Kunachoma. Wakachukua mkojo wake, ukaja mweusi kama strungi, ile chai isiyo na maziwa.

"Ukiwa shule unaenda choo mara ngapi?" muuguzi akamuuliza.

Binti yangu akaniangalia mimi badala ya kumwangalia aliyeuliza. "Siendi."

"Huendi kabisa?"

"Nabana hadi jioni. Ndiyo maana sinywi chai."

Muuguzi aliweka kalamu chini. Aliniambia waziwazi kwamba ni maambukizi ya njia ya mkojo, yameanza kupanda kuelekea kwenye figo, na kwamba tungechelewa kidogo tungekuwa tunazungumza habari nyingine. Halafu akasema, "Huyu hana korona, mama. Huyu ana shule." Nilimwona ameudhika kweli, na nikajua binti yangu hakuwa wa kwanza kuletwa kwake.

Tulirudi polepole, dawa mkononi. Nilikuwa sijaelewa jambo moja.

"Na vile vyoo vipya?"

"Hatuingiangi."

"Kwa nini?"

"Si kuna utepe, mum."

"Utepe gani?"

"Ule wako. Umefungwa pale kwa kuingilia. Walisema mtu akipita chini yake atarudi na mzazi. Eti tungoje mheshimiwa akuje afungue."

Nilisimama pale pale, watu wakawa wananipita huku na huku. Mheshimiwa alikuwa aje kabla ya siku ya kufungua. Akawa na mazishi. Akawa na mkutano. Akawa safarini. Na muda wote huo vyoo vinavyong'aa vilisimama pale, havina hata kufuli, vimefungwa kwa kipande cha satini kutoka kwenye roli yangu, na watoto wanavipita kwenda kukanyaga mavi nyuma ya madarasa, au wanabana hadi figo zinaoza. Nilihisi kutapika. Sisemi kwa mfano. Niliinama kando ya mtaro nikatema mate machungu.

Mkasi wangu mkubwa haukati karatasi, haukati plastiki, haukati chochote ila kitambaa. Mtu wa nyumbani kwangu akiugusa ovyo atakiona cha mtema kuni. Nilimlaza binti yangu, nikaufunga ule mkasi kwenye leso, nikavuka barabara.

Getini walininawisha, wakanipima joto, wakanipulizia sanitaiza hadi kwenye viwiko. Hakuna aliyeuliza nimebeba nini.

Mwalimu mkuu alinikuta uwanjani. "Mzazi, mtoto anaendeleaje? Lakini si mlitakiwa mkae nyumbani?"

"Hana korona. Ana ugonjwa wa kubana mkojo. Fungua vyoo."

Akatabasamu, lile tabasamu la kumtuliza mtu asiyejua mambo. "Vyoo vimekamilika, mama. Tunangoja tu uzinduzi."

"Watoto wangoje na mkojo?"

"Elewa. Vikitumika vitachafuka. Mheshimiwa akija akute vimechafuka, itakuwa aibu kwa shule."

Aibu! Nimekutana na watu wengi wa kutia kinyaa maishani mwangu, lakini yule, na tai yake, na sanitaiza yake mfukoni, alinishinda. Nilimwambia, "Wewe mwalimu unanuka kuliko vile vyoo vya nyuma." Nikampita.

Utepe ulikuwa umepauka kwa jua, umekuwa wa rangi ya fizi, na nzi walikuwa wametua juu yake. Ndani niliona vigae vyeupe, vikavu, havina alama ya kiatu. Nikaukata. Mkasi mzuri haupigi kelele. Ncha za utepe zilianguka upande huu na upande ule, basi. Nikaingia nikafungua mfereji. Maji yakatoka! Maji yalikuwepo, jamani, siku zote zile, yamekaa kwenye bomba yanamngoja mtu mmoja aje apigwe picha.

Nilipotoka, wasichana walikuwa wamejipanga mbali wakitazama. Hakuna aliyesogea.

"Mnangoja nini? Ingieni!"

Walimwangalia mwalimu mkuu. Halafu mmoja wa gredi ya nne, mdogo hivi, barakoa imemfunika hadi machoni, akaanza kukimbia huku amebana mapaja. Wa pili akamfuata. Kisha wote wakaja kwa pamoja, wanasukumana, hakuna aliyekumbuka miduara.

"Umeharibu programu ya shule," mwalimu mkuu akaniambia.

"Nenda ukamweleze muuguzi," nikamjibu. Ukweli ni kwamba njiani nililia.

Jioni ile kwenye simu yangu ukaingia ujumbe kutoka kwake. Alikuwa anaomba utepe mwingine, hata mfupi. Niliusoma mara ya pili nikidhani nimekosea. Roli ilikuwa mbele yangu kwenye kibao, imejaa. Nikamwandikia kwamba kwangu utepe umeisha na hautapatikana. Halafu kila mama aliyekuja kuchukua barakoa nikamweleza habari yote, kuanzia ule mkojo mweusi hadi yale maji, kwa sauti ya kusikika ngazi zote. Wakaenda shuleni. Sikujua walisema nini huko getini, lakini kesho yake na siku zilizofuata wasichana waliingia vyoo vipya na hakuna aliyeitiwa mzazi.

Mheshimiwa alikuja baadaye. Walipata utepe kwingine, wakaufunga asubuhi ile ile ya sherehe, kwenye vyoo ambavyo watoto walishavizoea. Nami nilikwenda, nikasimama nyuma. Alikata utepe, akapigwa picha barakoa ikiwa kidevuni, akaingia ndani, akatoka upesi na mkono puani. Vyoo vilikuwa vimetumika, vilikuwa na harufu ya choo, alitaka vinukie nini? Akashika kipaza sauti akasema watoto wa siku hizi wafundishwe usafi. Watu wakampigia makofi. Mwalimu mkuu alipiga makofi kuliko wote. Jina la mheshimiwa bado liko pale ukutani, limechongwa kwenye jiwe jeusi, na mfereji chini yake ulivunjika zamani.

Binti yangu alikunywa dawa, akapona. Zile wiki mbili walizishikilia kwa ukaidi, hawakumpunguzia hata siku, akasomea kitandani kwa daftari za wenzake, na mtihani akaufanya. Alipita. Leo ni mtu mzima, amemaliza sekondari, anauza kwenye duka la simu huko Donholm, duka safi kabisa lenye choo chake nyuma na ufunguo wake anao yeye.

Lakini asubuhi nammiminia chai, anaketi, anaitazama, anafunga viatu. Kikombe kinabaki mezani kimejaa.

"Kunywa basi hata nusu," namwambia.

Anachukua mkoba wake. "Nitakunywa nikirudi, mum."