Saa Tatu Iliyogeuka Saa Kumi na Mbili

Kwenye laptopu yangu kuna faili niliyoiita Vipande. Humo naweka mistari ya kodi, yaani maagizo ya kompyuta, niliyokwisha kuiandika mara moja na sitaki iniumize kichwa tena. Sikusomea kazi hii. Wazazi wetu walipofariki niliacha shule kidato cha pili nilee wadogo zangu hapa Makadara, Nairobi, na kuandika programu nilijifunza saiba, kwenye kompyuta za kulipia, nikiwachapia watu barua.

Kipande nilichokipenda zaidi kilikuwa cha saa. Kompyuta ikiandika 9:00, chenyewe kinaondoa sita na kuandika "saa tatu asubuhi", jinsi tunavyosema.

Mdogo wangu alipopata kazi ya mapokezi katika kliniki moja ya watoto huko Njiru, hata kabla ya kuthibitishwa alimwahidi muuguzi mkuu kuwa dada yake angewaandikia programu ya kuwakumbusha kina mama chanjo kwa ujumbe wa simu. Niliijaribu nyumbani wiki nzima, haikukosea. Nikaihamishia kwenye seva ya kukodi, kompyuta ya mbali isiyozimwa. Asubuhi ya pili simu ikalia.

"Siz, umenimaliza! Kina mama wako hapa tangu saa kumi na mbili."

"Si niliandika saa tatu?"

"Njoo uwaambie wewe. Mmoja ananiuliza kama tunachanja watoto ama kuku. Muuguzi amesema isiporekebishwa leo tunarudi kwa daftari, na mimi sijui kama nitakuwa ndani ya hili geti ama nje."

Nilishuku maktaba, yaani kodi za watu wengine ambazo programu yangu huziegemea. Toleo likiwa jipya huku na la zamani kule, mambo huharibika. Nikaorodhesha matoleo ya laptopu, kisha ya seva, nikayafuata kwa kidole moja baada ya jingine. Yalilingana yote. Hapo hofu ikapungua, nikataka tu kujua. Nikaandika mstari mmoja wa kuziuliza mashine zote mbili: sasa ni saa ngapi?

Laptopu ikajibu saa nne asubuhi. Seva ikajibu saa moja.

Seva haikuwa imekosea. Ilihesabu saa ya kimataifa, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu, na kipande changu kiliondoa sita kwenye saa yoyote kiliyoikuta. Katika orodha ya vitu ambavyo programu ilivitegemea, nilikuwa nimeandika vyote isipokuwa Nairobi.

Nikaongeza mstari wa kuitaja. Kisha, kwa udadisi tu, nikaiweka laptopu kwenye saa ya Tokyo na kuiendesha programu. Saa tatu asubuhi. Nikaiweka kwenye saa ya Brazili. Saa tatu asubuhi. Nilicheka peke yangu.

Ujumbe wa kesho niliutuma kwanza kwa simu ya mdogo wangu.

"Iko poa," akajibu. "Lakini muuguzi anasema ataamini getini, si kwa simu."

Kesho yake nilienda Njiru mwenyewe. Saa kumi na mbili u nusu tulikuwa watatu tu getini: bawabu, mdogo wangu na mimi. Muuguzi alifika, akaitazama barabara tupu huku na huku, kisha akamwambia mdogo wangu aingie akafungue dirisha la mapokezi.