Zulia la Alasiri

Siku yangu ya kwanza kazini hawakunipa fimbo ya gofu. Walinipa bomba la chuma lililozungushiwa gunia, na kamba ya kuliburutia, wakaniambia nenda kalainishe brauni. Ninyi mliozoea kuiona gofu kwenye runinga mtauliza brauni ni kitu gani. Kwetu Dodoma majani laini ya kuzunguka shimo yanagoma kuota, basi tunatengeneza duara la mchanga, tunaumwagia mafuta machafu ya injini ili upepo usiupeperushe, na mchezaji anamalizia mpira wake hapo. Kila kundi likipita, nyayo zinafutwa kwa kuburuta lile bomba kwa kuzunguka, kuanzia shimoni kwenda nje. Nilikuwa nimetoka Mkonze alfajiri kwa baiskeli, kijana mwenye nguvu zake, nikaburuta kama ninayefukuzwa na nyuki.

Msimamizi wa Uwanja alisimama kando akaniangalia mpaka nikaona haya.

"Wewe Ndahani, mbona unakimbia?"

"Niwahi kumaliza, mzee."

"Nani kakwambia kazi hii inaisha?"

Akaichukua kamba mkononi mwangu akaanza kutembea. Lo! Yule mzee alikuwa na mwendo. Hakuongeza, hakupunguza, na mistari ilikuwa inatokea nyuma yake mmoja nje ya mwingine, mpaka nikasahau kwamba nipo kazini na naangalia mchanga tu. Aliporudisha kamba alisema, "Mguu ukibadilika, mchanga unasema." Hata leo nikikaa kivulini baada ya chakula, macho yakianza kuwa mazito, mistari ile inanijia pamoja na harufu yake ya mafuta. Nadhani nilijifunza gofu siku ile, ingawa fimbo niliishika baada ya miaka mitatu.

Kutoka kwenye mchanga nilipandishwa kuwa kedi, yaani mbeba mkoba wa fimbo. Nilimbebea Nahodha wa Klabu, bwana mmoja mrefu, mwepesi wa hasira na mwepesi wa kucheka. Hapo ndipo nilipokabidhiwa zulia. Kiangazi kikikolea, ardhi ya uwandani kwetu inakuwa ngumu kama sakafu. Ukipiga mpira juu ya udongo mtupu, fimbo inadunda na kiganja kinawaka moto. Kwa hiyo kila mchezaji ana kipande chake cha zulia, kama upana wa gazeti lililofunuliwa. Linatandikwa chini, mpira unawekwa juu yake, ndipo anapiga. Kedi mwenye heshima zake anafika mbele, analitandika, anaweka mpira, na mwenye mpira akifika anakuta pameshaandaliwa. Sikuwahi kumwacha Nahodha ainame. Nilijivunia jambo hilo kuliko mshahara.

Mwalimu wa Klabu ndiye aliyenitoa kwenye mikoba. Alikuwa mtu mfupi, mkimya, asiyesema maneno mawili pale ambapo moja linatosha. Aliniona nikiizungusha fimbo ya watu nyuma ya stoo, akaniita. Nilidhani nafukuzwa kazi.

"Piga," akasema.

Nikapiga. Mpira ukaenda zake maporini.

"Piga tena."

Wa pili ukaenda upande wa pili. Akatikisa kichwa. "Nguvu unazo. Ila hujawa mtu mmoja. Leo nimeona akina Ndahani wawili, na kesho watakuja wengine."

Huo ndio ugonjwa wa kila anayecheza gofu kwa kujifurahisha. Leo anapiga kama malaika, kesho kama aliyelewa, na hajui amebadilisha nini. Mwalimu alinifundisha kwamba swingi, yaani ule mzunguko wa fimbo kutoka nyuma mpaka mbele, haitakiwi kuwa nzuri kwanza. Inatakiwa kuwa ileile. Shika fimbo kwa namna ileile, kama unayemshika kifaranga, asitoroke na asife. Panga miguu kwa namna ileile. Vuta pumzi ileile. Alinipeleka miezi michache kwenye klabu moja ya nyanda za juu nikasomee, na huko nilikuta majani mabichi mpaka nikaogopa kuyakanyaga. Nilirudi na mafua na maarifa. Alipostaafu, eneo la mazoezi likawa mikononi mwangu, na watu wakaanza kuniita mwalimu.

Mimi nilikuwa na dawa yangu ya mwendo, niliyotoka nayo nyumbani. Mama na shangazi walikuwa wanatwanga uwele pamoja kwenye kinu kimoja, mchi huu ukipanda mwingine unashuka, wanazungumza mambo yao wala hawaangalii. Mmoja akiharakisha, michi inagongana na unga unamwagika. Basi wanafunzi wangu niliwafanya waimbe kwa pua wakati wa kupiga: panda, tua, panda, tua. Serikali ilipohamia Dodoma nikaletewa watu wa ofisini wa kila kabila, wenye tai na vitambulisho shingoni. Wanapiga mpira kana kwamba wanagonga mhuri! Nilikuwa nawatania, wanacheka, na ikifika alasiri wamesimama mstari mzima wanaimba kwa pua, vumbi limekuwa la dhahabu mbele yao, mbuzi wa watu wanapita kwa mbali na kengele zao. Wakati mwingine nilikuwa nasahau kusahihisha. Nilikuwa nasimama tu.

Raha haikai sana. Ikabaki miaka miwili nistaafu, tukapata Katibu mpya wa Klabu, kijana msomi, mwenye adabu. Alinikaribisha kiti, akaagiza chai.

"Shikamoo mzee Ndahani. Samahani sana kwa nitakalolisema. Sasa hivi anayefundisha lazima awe na cheti. Ukikosa, itabidi nimpe mwingine eneo lile."

"Marahaba. Mwanangu, nimefundisha kabla hujaota meno."

"Najua, mzee. Ndiyo maana nimemwomba Mkaguzi wa Walimu aje hapahapa, usisafiri. Atamtazama mwanafunzi wako mmoja. Mipira kumi, kisha kumi mingine. Na wewe husemi neno."

Nilitoka pale. Chai niliiacha. Mtu ukishaitwa mwalimu miaka yote ile, halafu ukaambiwa huenda hukuwa, unaona aibu hata kwa mkeo. Sikumwambia mtu nyumbani.

Nilimchagua Mama Mwantumu. Ni mwenyeji wa Tanga, mtunza kumbukumbu katika ofisi moja iliyohamia huku, anakaa Ihumwa. Hakuwa na nguvu nyingi, lakini alikuwa na subira, na subira kwenye gofu ni nusu ya mchezo. Jumamosi asubuhi mipira yake ilikuwa inakwenda kwenye bendera mmoja baada ya mwingine, unaweza kulia kwa furaha. Taabu ilikuwa alasiri, akitoka kazini. Alasiri mipira ilikwenda kushoto.

Nikajua sababu. Ah, mimi tena, ningekosaje kujua? Watu wangu wote wa ofisini walikuwa hivyo, asubuhi wazima, alasiri kushoto.

"Ni uchovu, mama," nikamwambia. "Ofisi imekukaa mabegani. Legeza."

Alilegeza. Kushoto. Nikambadilisha mshiko. Kushoto kidogo, halafu kulia sana. Nikambadilisha miguu. Kila mpira ulipoondoka nilikuwa na neno lake: kiwiko, mama, kichwa, mama, usikimbie, mama. Baada ya wiki tatu mipira ilikuwa imetapakaa uwanja mzima kama kuku waliomwagiwa maji, na asubuhi nazo zikaharibika. Siku moja aliishusha fimbo chini taratibu.

"Mwalimu, labda huu mwili wangu ndio hauaminiki. Mchague mwingine, usije ukakosa cheti kwa ajili yangu."

"Mwili una umri wake, mama," nikasema. "Tutafanya tunavyoweza."

Nilisema hivyo. Nilidhani namfariji.

Mkaguzi alifika siku ya kazi, na alisema atamtazama alasiri, saa ambayo watu wanacheza kweli. Alikuwa mama wa makamo, kofia pana, daftari dogo. Katibu alikaa pembeni yake. Jua lilikuwa limeshuka mbele yetu, maana uwanja wetu wa mazoezi unatazama magharibi, na bendera ilikuwa inaelea ndani ya mwanga, mara ipo, mara haipo. Nikatandika zulia, kama ninavyowatandikia wanafunzi wote, nikaweka mpira, nikarudi nyuma, nikafunga mdomo.

Mama Mwantumu akaanza kuimba kwa pua. Wa kwanza, kushoto. Ulimi ulinitoka mpaka kwenye meno nikaung'ata. Wa pili, kushoto. Wa tatu. Sikuwa na ruhusa ya kusema, basi kwa mara ya kwanza nilimwangalia tu, na nikaona kitu cha ajabu: alikuwa hafanyi kosa lolote. Fimbo ilipanda na kutua kama mchi wa shangazi. Mpaka wa kumi nilikuwa nimeshaona cheti kinakwenda na maji.

"Mwalimu, imeangukia wapi?" Mkaguzi akauliza.

"Kushoto, mama."

"Nenda kaitazame."

Nikaenda. Mipira kumi yote ilikuwa imelala mahali pamoja, ungeweza kuifunika kwa kitenge kimoja. Nilisimama juu yake. Kule nyuma Mkaguzi alikuwa ameinama anaangalia chini, kwenye zulia. Na mimi kutoka kule, jua likiwa mgongoni sasa, nikaliona zulia jinsi lilivyo. Lilikuwa limeelekea palepale niliposimama. Bendera ilikuwa hatua nyingi upande mwingine.

Ndipo nikaelewa. Alasiri nikiinama kutandika, jua linanichoma macho, nageuza uso pembeni, na mkono unafuata uso. Mwanafunzi naye akifika haioni bendera vizuri, anapanga miguu yake kwa kufuata ukingo wa zulia. Miaka yote hiyo. Kweli nyani haoni kundule.

Niliporudi Mkaguzi alikuwa ananyoosha kidole chini. "Zulia hili limepinda. Nani amelitandika?"

Kabla sijafungua mdomo, Mama Mwantumu akajibu, "Ni mimi, mama. Nimekosea."

Katibu akainamisha macho. Yeye aliniona nikitandika. Naye hakusema kitu, jamani, wote wawili walikuwa wananisitiri. Ningenyamaza, cheti kilikuwa changu, maana swingi ya mwanafunzi wangu ilikuwa imeonekana kuwa ileile, na kosa lilikuwa limepata mwenyewe. Na nilikitaka kile cheti. Nisidanganye, nilinyamaza kwa muda ambao hata sasa unanisumbua.

"Hapana," nikasema. "Nimetandika mimi. Na ndivyo ninavyotandika kila alasiri. Huyu mama nimemwambia mwili wake ni mbovu."

Mkaguzi hakuandika kitu. Alimwambia Mama Mwantumu atandike mwenyewe. Akasita.

"Mwalimu ameshanitandikia," akasema kwa sauti ndogo. "Nitageuzaje?"

"Geuza, mama," nikamwambia. "Tafadhali."

Akapiga magoti, akakinga jua kwa kiganja, akageuza. Katika mipira kumi, minane ilianguka karibu na bendera. Mbuzi walikuwa wanarudi, kengele zinasikika, na mimi nilikuwa nalia waziwazi bila kujali.

"Mwanafunzi amefaulu," Mkaguzi akasema akifunga daftari. "Mwalimu bado. Nikija tena nitakutazama." Hakusema kwa ukali. Aliporudi zamu nyingine nilikuwa nimeshastaafu, kwa hiyo karatasi ile sikuipata. Mwaka wangu wa mwisho nilifanya kazi chini ya mwalimu mpya, binti mwenye umri wa mwanangu wa mwisho. Sheria yake ya kwanza: kila mtu atatandika zulia lake mwenyewe. Nilimheshimu kwa hilo.

Sasa nipo nyumbani. Mkiniuliza siri ya kupiga mpira uleule leo na kesho, nitawaambia yaleyale ya mwendo na pumzi, na nitaongeza moja: kabla hujaubadilisha mwili wako, tazama umesimama wapi na nani kakusimamisha. Siku hizi kazi yangu ni kutembelea watu. Nilikaa nikawakumbuka wote niliowaambia hawawezi, nikaanza kuwafuata mmoja mmoja. Wengi wamehama. Wengine wamecheka, wakaniambia mzee, sahau.

Juzi nilikwenda Makole kwa mhandisi mmoja mstaafu. Zamani alikuwa anakuja kila alasiri na viatu vyeupe, anaupenda mchezo ule kupita kiasi. Mipira yake nayo ilikuwa inakwenda kushoto, nikamwambia kiungo chake cha nyonga hakifai kwa gofu, na nilisema kwa kujiamini. Aligawa fimbo zake wiki ileile. Nilimkuta barazani kwenye kiti, amenenepa, miguu imevimba. Nikamsimulia habari ya zulia, tangu mwanzo mpaka mwisho. Alisikiliza bila kunikatiza, anatazama barabarani.

"Kumbe nilikuwa mzima?" akauliza.

"Ulikuwa mzima, mzee. Nisamehe."

Aliipapasa nyonga yake. "Kuanzia siku ile niliacha hata kutembea," akasema. "Nilikuwa najihifadhi."

Baadaye akaninyooshea mkono nimsaidie kusimama, na ilituchukua muda mrefu.