Dizeli ya Saa ya Chakula

Kazi ya mhandisi Rifaat Abu Siri ilikuwa kukadiria. Kila mashine iliyokuwa ikichonga barabara yetu ya jangwani nje ya Suez, yeye ndiye aliyesema itakunywa dizeli kiasi gani na kutema moshi kiasi gani, kisha taarifa ikaenda kwa watu wa benki waliotukopesha fedha. Hao walitaka moshi upungue kila msimu. Mimi niliendesha boza la mafuta. Alichokadiria yeye nilikimimina mimi, na tulitaniana kutwa nani kati yetu mwongo zaidi.

Tulimwita Bashmuhandis kwa heshima ya uhandisi wake, lakini hakuwa na majivuno, alikula nasi. Chakula tulikipasha juu ya injini ya kijiko alichoendesha Ami Gharib, lile dude la kuchotea mchanga: makopo ya maharage kwenye bomba la moshi, mikate juu ya boneti, birika pembeni. Injini ilikuwa haizimwi. Stata ilikufa zamani, na ukiizima mchana, mpaka buldoza lije livute ndipo iwake. Gharib aliomba stata mpya hadi akachoka. Bosi wetu, Haji Mitwalli, alimjibu inshallah kila mara. Basi ubovu tukaugeuza jiko, tukauzoea.

Msimu ule hesabu zikagoma. Rifaat aliangalia malori ya mchanga yaliyojazwa, akakadiria dizeli iliyostahili, akakuta kijiko kimekunywa kupita kiasi. Haji hakutaka kusikia zaidi.

"Gharib, unauza dizeli yangu!"

"Wallahi, Haji, hata harufu yake sijauza."

"Nitakukata mshahara mpaka usahau rangi ya pesa!"

Kukatwa mshahara kwetu si ajabu. Nusu ya madereva wamekatwa, wakanuna, kesho yake wakarudi kazini. Lakini Gharib ndiye aliyetuswalisha pale saiti, na kuitwa mwizi mbele ya watu wanaosimama nyuma yake kulimchoma. Akamwendea Rifaat.

"Bashmuhandis, hesabu ni yako. Nisafishe."

Rifaat akarudia makadirio yake, ndipo akaliona kosa. Alikuwa amehesabu kwamba mashine isipochota mchanga imezimwa. Na yeye mwenyewe kila siku alikuwa akila mkate wa moto kutoka kwenye injini hiyo hiyo! Akaniita. Nikalijaza tanki mpaka shingoni, tukaiacha injini ingurume saa ya chakula, kisha nikajazia tena. Dizeli iliyosemwa imeibwa ilikuwa ikiishia pale, kwenye maharage yetu. Rifaat akamkumbatia Gharib, nami mjinga nikapiga makofi.

Akaandika yote: dizeli inayoungua mashine ikiwa imesimama, moshi wake, na dawa yake, yaani stata mpya. Nikamsindikiza kwa Haji nikiwa na kiherehere cha kuona bosi akiaibika.

Haji alisoma mpaka mwisho. Mwizi angemvumilia, lakini moshi wa bure ndani ya taarifa ya benki hakuuweza.

"Kwa hiyo hakuiba. Ameichoma tu apashe maharage."

"Haji, ni stata."

"Ni dereva! Andika dereva mzembe amefukuzwa, na sasa mashine zote zinazimwa saa ya chakula. Huo moshi ufute."

"Lakini ile haizimiki, Haji..."

"Bashmuhandis, binti yako anaolewa lini vile? Harusi inataka mshahara."

Rifaat akanitazama, kama mimi ningemsaidia nini. Akaufuta moshi, akasaini. Nilimchukia siku ile, na Haji nikamchukia zaidi, kisha nikarudi kwenye boza langu.

Gharib alitoa mswala wake na kopo lake kwenye kijiko. Rifaat akamfuata mpaka barabarani.

"Ami Gharib, nilitaka kukusafisha jina."

"Umelisafisha, mwanangu. Ungeniacha mwizi, kesho ningekuja kazini."

Dereva mpya alifika asubuhi iliyofuata. Haji mwenyewe alimpeleka kwenye kijiko, na neno la kwanza alilomwambia ni kwamba asije akaizima ile injini. Rifaat alikuwa amesimama hapo hapo, akasikia. Tangu siku hiyo hakula nasi tena. Alikula ofisini, mkate baridi, na dirisha alilifunga ili moshi usiingie.