Waache Wakusindikize

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo huwa inanijia hata nikiwa naanika mpunga hapa Makwale. Ni siku niliyoagizwa kuwatoroka watoto.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo. Kanisa likanipeleka ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Malawi, nikajitolee kwenye chekechea ya kijiji kimoja karibu na Karonga. Nilifikia kwa Shangazi Subilaga, dada yake baba, aliyeolewa huko na kuuza vyungu vilivyoletwa kutoka soko la Lyulilo, upande wetu. Lugha haikunitesa, maana Kingonde chao na Kinyakyusa chetu ni ndugu. Kazi yangu ilikuwa kuwaimbisha watoto, kuwanawisha, kugawa uji, na kuwalaza mchana.

Hapo pa kuwalaza ndipo paliponishangaza. Hawakutaka kulala. Mtoto anasinzia, kichwa kinaanguka, anashtuka, ananitafuta kwa macho, anakaa tena. Mmoja wao, Atupele, wa miaka mitano hivi, alikuwa hajilazi mpaka azungushe ncha ya kitenge changu kwenye kidole chake. Ni njaa? Ni minyoo? Mimi udadisi nilizaliwa nao. Mama alizoea kusema nitamuuliza hata malaika wa kifo ametokea wilaya gani. Kuuliza si ujinga, basi nikauliza kila mtu, na kila mtu akasema watoto ndivyo walivyo.

Siku ya kuondoka ilipokaribia, mwalimu mkuu, mtu mwema kabisa, akanipa utaratibu wao. "Usiwaage. Wakishalala ndipo utoke. Wageni wetu wote huondoka hivyo, watoto wasilie."

Mimi nikaona ni huruma. Jioni nikamsimulia Shangazi huku tunamenya ndizi. Akaweka kisu chini.

"Kwa hiyo wakilala, watu wanapotea," alisema. "Na wewe ulikuwa unauliza kwa nini hawalali."

Akaendelea kwa upole, lakini yalinichoma. "Mwana wa kaka, kwetu mgeni anasindikizwa. Anayetoka kimya kimya ni mwizi, au amegombana na wenyeji. Hao watoto umewaibia nini? Mama yake Atupele alikwenda kutafuta kazi mbali, akamwacha usingizini. Ukimfanyia hivyo na wewe, huyo mtoto atalala lini?"

"Na wakilia, shangazi?"

"Wacha walie. Wewe ulilia ulipotoka kwenu, umekufa?"

Nilipomwomba ruhusa ya kuwaaga watoto, mwalimu mkuu alisita, kisha akakubali. Asubuhi, kabla ya uji, nikawaambia watoto kwamba leo narudi kwetu. Kilio kilichozuka kiliwatoa majirani nje. Atupele hakulia. Alinikazia macho akauliza, "Utarudi lini?"

Ulimi ulitaka kusema kesho kutwa. Lakini ahadi ni deni, na mtoto ni mdai asiyesahau. Nikamwambia, "Sijui kama nitarudi. Mama yangu ananisubiri."

Akafikiri. "Mama yako anaitwa nani? Kwenu kuna ndizi? Mto una mamba?" Nikajibu yote, nikajua nimepata mdadisi mwenzangu.

Kisha tukafuata desturi: msindikizaji hubeba mzigo wa mgeni. Mmoja alibeba kikombe changu, mwingine kiatu kimoja, mwingine cha pili, Atupele akajitwisha chungu kidogo alichonipa Shangazi. Tulikwenda hivyo, msafara mzima, mpaka kwenye kona ya barabara. Hapo nikasema kama wasemavyo wageni, "Inatosha, rudini sasa. Ndaga, asanteni." Wakanikabidhi vitu vyangu kimoja kimoja, wakageuka.

Nilisimama nikingoja Atupele anitazame. Hakunitazama. Alikuwa anagombana na mwenzake nani atangulie mbele. Nikalia mimi, mtu mzima, katikati ya barabara, na moyo uliniuma kweli. Baadaye wauza vyungu wakaniletea salamu za Shangazi: siku ile Atupele alilala mchana bila kushika nguo ya mtu, mpaka ikabidi walimu wamwamshe.

Mwanangu, siku hizi mnakwenda mbali kuliko mimi, mnapanda ndege kwenda kukaa na watoto wa watu. Nendeni, ni jambo jema. Ila ukiisha kupendwa, usiondoke kama uliyeiba. Mwambie mtoto mapema, mchana, akiwa macho. Usimwahidi usichokijua. Mpe cha kubeba, akutoe mpaka njiani, na umruhusu ageuke kabla yako. Asipotazama nyuma, usimlaumu. Hayo ndiyo malipo ya kuaga vizuri, hata kama yanauma.

Mungu akutangulie uendako. Akupe wenyeji wema, na wewe akufanye mgeni ambaye watoto hawaogopi kufumba macho mbele yake.