Wembe Ni Ule Ule

Mume wangu Muharami alikuwa kinyozi mwenye kuogopa damu. Ukitaka kucheka, cheka. Mtaa wetu wote wa Mlandege ulishacheka kabla yako. Akimkwaruza mteja kidogo tu shavuni, ni yeye aliyetafuta pa kuegemea, na mteja ndiye aliyempa pole. Nilimwambia mara nyingi auze mkaa kama wanaume wengine. Alinijibu kwamba baba yake alikuwa kinyozi, na babu yake aliyepanda huku Iringa na misafara ya pwani alikuwa kinyozi, kwa hiyo hakuna la kujadili. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, ndivyo wasemavyo. Kwetu kicheko kilikuwa kingi.

Woga huo ulikuwa na chanzo. Zamani, kabla sijamzaa Siwema, alinyoa kwa wembe wa kukunja aliourithi kwa baba yake. Siku moja mzee mmoja wa Kihesa alipiga chafya akiwa chini ya wembe, na ndewe, ile nyama ya chini ya sikio, ikabaki inaning'inia. Mzee alipona. Muharami hakupona. Tangu hapo akishika wembe ulio wazi mkono wake ulitetemeka kama wa mtu mwenye homa.

Aliyemwokoa ni Mgiriki mmoja mkulima wa tumbaku, mteja wake wa nywele. Alipofunga virago kurudi kwao alimwachia mashine yake ya kunyolea ndevu, iliyotengenezwa Uingereza. Ilikuwa shaba tupu iliyopakwa fedha, nzito mkononi kama jiwe la mizani. Unazungusha mkia wa mpini, juu panafunguka milango miwili midogo. Unalaza wembe, unazungusha tena, milango inajifunga. Nje hubaki ukingo mwembamba tu wa wembe, na chini yake kitako chenye meno kinachozuia usizame kwenye ngozi. Hata mkono ukitetemeka, mashine haitetemeki nao. Muharami akarudi kuwa mtu.

Liberatus, dresa wa hospitali, mfunga vidonda, alimfundisha kuichemsha kila asubuhi ili asihamishe vipele kutoka kidevu kimoja kwenda kingine. Basi ikawa kama swala: kabla ya mteja wa kwanza, mashine kwenye maji yanayotokota. Hakukosa hata siku moja.

Binti yetu wa pekee, Siwema, aliolewa Mbeya na Halfani, muuza kanga. Alizaa mara mbili, na mara mbili tulizika kabla ya arobaini. Mwaka wa hamsini na sita akazaa wa tatu, msichana. Habari iliponifikia sikupiga kigelegele. Niliogopa hata kufurahi, nikaona furaha yangu itamwita yule aliyewachukua wenzake.

Kwetu mtoto hukaa ndani mpaka arobaini yake. Siku hiyo hunyolewa nywele alizozaliwa nazo, husomewa dua, ndipo hutolewa nje aone jua. Siwema akatuma neno kwamba atakayemnyoa ni baba yake, si mwingine. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mwanangu alikuwa amefika mahali ambapo kila mkono usio wa kwao aliuona mkono wa kifo.

Tukapanda basi. Liliposimama Makambako kupoza injini, mume wangu akaona hapo ndipo pa kuwaonyesha watu mashine ya Mgiriki. Akamnyoa utingo ndevu kando ya barabara, abiria wamewazunguka, na yeye kichwa kimemvimba. Honi ikalia, tukakimbilia ndani. Tulipofika Mbeya akafungua kasha lake. Sabuni ipo, brashi ipo, mashine haipo.

Nilimtukana mpaka Halfani akatoka nje kwa heshima.

Kesho yake, Jumamosi, tukaenda duka la Mhindi karibu na soko. Kwenye kabati la kioo zililala mashine mbili, ubavu kwa ubavu. Moja ilikuwa dada wa ile tuliyoipoteza, ndani ya kisanduku chenye kitambaa laini. Muharami alipoulizia bei yake alirudisha mkono kama aliyeshika chungu cha moto. Ya pili ilikuwa ndani ya boksi la karatasi, na ningeapa ni pacha wa ile ya kwanza: milango ile ile, mkia ule ule wa kuzungusha, hata mistari ya kwenye mpini ilikuwa imeigwa.

"Tofauti yake nini?" Muharami akauliza.

"Jina tu, mzee," akasema mwenye duka. "Ile imeandikwa London, hii haijaandikwa. Wembe ni ule ule. Utanyoa sawasawa tu."

Muharami akaipima kiganjani. Akazigonga zote mbili taratibu kwenye kioo, akazisikiliza. Ile ya London ililia kama kengele ndogo. Hii ilisema "tak," ikanyamaza.

"Nyepesi, Mama Siwema," akaniambia.

"Basi mkono hautachoka," nikamjibu. Bado nilikuwa na hasira za Makambako.

Jioni ile alijinyoa kidevu chake mwenyewe kuijaribu. Ilipita vizuri, hakukuwa na mkwaruzo wala doa. Nilimwona akitabasamu kwenye kioo kwa mara ya kwanza tangu tushuke kwenye basi, na mimi pia nikapumua.

Jumapili asubuhi baridi ya Mbeya ilikuwa imekaa mpaka ndani ya mifupa. Jikoni wanawake walikuwa wakipika pilau. Muharami akaomba sufuria ndogo, akachemsha maji, akaitumbukiza mashine mpya kama alivyoitumbukiza ya zamani miaka yote, akaiacha itokote wakati akitawadha. Ile ya Mgiriki ungeweza kuichemsha pamoja na maharage isijue. Lakini hii ilikuwa chuma juu tu, kwenye milango na mpini. Kile kitako chenye meno, chini ya rangi yake ya fedha, kilikuwa plastiki tu, ile ile wanayotengenezea vitana vya dukani. Kwenye maji ya moto kikalainika, kikajinyonga kidogo. Muharami akaiopoa, akaifunga kwenye kitambaa safi, akaja nayo ukumbini bila kuikagua.

Chumba kilikuwa kimejaa watu na moshi wa ubani. Siwema aliketi kwenye mkeka mbele ya baba yake, magoti yao yakigusana, macho hayabanduki kwa mtoto. Mama yake Halfani akachukua mkasi, akakata shungi la kwanza, akaliweka kwenye sahani. Na katika nyumba ile, nywele za uzazi zikishaanzwa hazikatizwi. Mtoto akiachwa na nusu ya nywele, wao husema ni nusu yake tu iliyokubaliwa duniani. Mimi sikuwa naamini sana mambo hayo. Siwema aliamini, kwani alikuwa na makaburi mawili ya kumfanya aamini.

Muharami akamlaza mjukuu mapajani, akampaka povu. Akatia wembe, akafunga milango, akapitisha gumba kwenye ukingo kama kawaida yake. Nikaona uso wake unabadilika rangi.

Nilikuwa nimeketi nyuma yake. Akaugeuza mkono nione. Kitako kilikuwa kimepinda, na wembe umetokeza kona moja upande huu na kona nyingine upande wa pili, kama jino la panya. Chini yake kulikuwa na kichwa cha mtoto wa siku arobaini, utosi bado unapwita kwenye povu. 

"Chomoa wembe, unyoe kwa mkono," nikamnong'oneza.

Akaunyoosha mkono wake mbele yangu, chini kwa chini. Ulikuwa unatetemeka tayari. Duka lilikuwa limefungwa, na Halfani alikuwa mtu wa ndevu zake, hana mashine wala kiwembe. Siwema akainua macho.

"Kuna nini, Baba?"

"Hakuna kitu, mwanangu. Povu limekauka."

Akaanza. Sijapata kuogopa hivyo, wala siku ya kujifungua, wala siku za kuzika. Niliyaona mabega yake tu, na mkono uliosogea polepole mno, umekibana kichwa cha mashine kwa vidole vyote badala ya kushika mpini. Watu walisoma dua. Nywele zilianguka kwenye sahani, nyeusi, laini. Mtoto hakulia, na kunyamaza kwake kukanitisha zaidi. Nikasema moyoni, Mola wangu, kama lazima uchukue mtu humu ndani, mimi nipo hapa.

Alipovuka utosi, povu kwenye sahani lilikuwa jekundu.

Mama yake Halfani ndiye aliyeliona kwanza. Akapiga ukemi uliokata dua zote. Siwema alimnyakua mtoto kutoka mapajani mwa baba yake, akamfuta kichwa kwa kanga, akafuta, akafuta tena, huku akisema "si huyu, si huyu, si huyu," na kanga ikatoka na damu. Hapo mimi nikafumba macho. Sikutaka kuona.

Kisha nikasikia kufuta kumekoma. Nikafumbua. Siwema alikuwa amemwinua mtoto kwenye mwanga wa mlango, anamgeuza kichwa huku na huku. Palikuwa safi. Hapakuwa hata na alama ya kucha. Mtoto akapiga miayo.

Hapo ndipo sote tukamtazama Muharami. Alikuwa ameketi vile vile, jasho linamtiririka kwenye baridi ile, na mkono wake uko wazi juu ya paja. Gumba lilikuwa limechanwachanwa tangu ncha mpaka kwenye kiungo. Alikuwa ameliweka chini ya ile kona ya wembe, kati ya jino na kichwa cha mjukuu wake, na kila mkono uliposogea jino lilipita kwenye nyama yake.

"Mzima?" akauliza. Sauti haikutoka vizuri. Aliiangalia damu yake, akameza mate, hakuegemea popote.

"Mzima, Baba," akasema Siwema.

"Bado kisogoni. Na nyuma ya sikio la kushoto."

 Mama yake Halfani alikuwa ameziba mdomo kwa ushungi. Siwema akaitazama mashine ile, akalitazama gumba, akamtazama mwanawe.  Kisha akapiga magoti kwenye mkeka, akamrudisha mtoto mapajani mwa baba yake.

"Malizia," akasema.

Muharami akachana pindo la kanzu, akakifunga kidole chake, akaweka cha shahada mahali pake, akaendelea kunyoa.